Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka: Maisha ya Edwin Armstrong, Aliyetupa Redio ya FM

Kila unapochomeka hedifoni kwenye simu yako ili waya wake uwe antena, kisha ukatafuta matangazo yetu, unatumia kazi ya mtu ambaye jina lake ni nadra kutajwa hewani. Huyo ni Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki mwaka 1954. Ndiye aliyebuni redio ya FM kama tunavyoijua, na kabla ya hapo alikwisha kubuni njia za kukuza mawimbi dhaifu ambazo zilibadilisha redio duniani kote.

Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bila yeye sauti yetu isingekufikieni ikiwa safi namna hii. Ya pili inawahusu wasikilizaji waliofunga amplifaya na sabufa kwenye magari yao, wanaouliza kwa nini sauti inakwaruza na spika zinaungua ilhali vyombo ni vipya. Jibu lake liko kwenye kitu kinachoitwa geini, yaani kiasi ambacho mawimbi yanakuzwa. Armstrong alitumia maisha yake yote akipambana na geini, akijifunza lini iongezwe na lini izuiwe.

Kijana wa mlingoti

Armstrong alizaliwa tarehe 18 Desemba 1890 katika jiji la New York. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya kuchapisha vitabu, na mama yake alikuwa mwalimu. Akiwa mtoto aliugua ugonjwa wa neva uliomfanya atetemeke na kushtuka bila kupenda, akakaa nyumbani bila kwenda shule kwa takriban miaka 2. Tangu hapo akawa mtoto mpole, mkimya, anayependa kukaa peke yake na vyombo vyake.

Familia ilihamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson, kaskazini ya New York. Huko alisoma habari za wavumbuzi, hasa Marconi, na alipofika umri wa miaka 14 alikuwa ameamua kwamba atakuwa mvumbuzi. Chumba chake cha juu kilijaa nyaya na koili. Nyuma ya nyumba alijenga kwa mikono yake mlingoti wa antena wenye urefu wa karibu mita 38, akawa anapanda mwenyewe hadi juu kuurekebisha. Majirani walishika vichwa. Mapenzi hayo ya kupanda juu hayakumtoka hata alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1909 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme. Kila siku alikwenda na kurudi kwa pikipiki nyekundu aliyopewa na baba yake.

Ugunduzi wa mwanafunzi

Redio za wakati ule zilikuwa na sauti ndogo mno. Msikilizaji alibana hedifoni masikioni na kuombea ukimya ndani ya nyumba. Mwaka 1906 mvumbuzi mwingine, Lee de Forest, alikuwa ametengeneza valvu aliyoiita Audion, chupa ya kioo yenye waya ndani, lakini hakuna aliyeelewa vizuri inafanyaje kazi. De Forest mwenyewe hakuelewa.

Armstrong aliichunguza kwa subira, akipima kila kitu. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, alijaribu jambo moja. Alichukua sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa na valvu, akayarudisha mwanzoni ili yakuzwe tena. Yakarudi na kukuzwa tena, na tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Vituo vya mbali ambavyo havikuwahi kusikika vikaanza kusikika, na vingine vilisikika hata hedifoni zikiwa zimewekwa mezani.

Aligundua na jambo la pili. Mawimbi yanayorudishwa yakizidi kiasi, valvu huanza kupiga mluzi yenyewe. Haipokei tena, bali inarusha mawimbi yake hewani kama kituo kidogo. Kila aliyehudhuria harusi au mkutano wa hadhara anaujua mluzi huo. Fundi akiongeza sauti kupita kiasi, au mshereheshaji akisogea na kipaza sauti karibu na spika, sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inatoka tena, na watu wote wanaziba masikio. Kisa ni kile kile.

Kwa hiyo jambo moja lilimpa vitu viwili. Chini ya mpaka fulani alipata kikuza mawimbi chenye nguvu ajabu. Juu ya mpaka huo alipata mtambo wa kutengeneza mawimbi, na ndiyo njia iliyokuja kutumika kurushia matangazo. Kila kitu kilitegemea kujua mpaka uko wapi.

Kesi ya miaka 20

Armstrong alitaka kusajili hataza, lakini baba yake alikataa kumpa fedha mpaka amalize masomo. Alichoweza kufanya ni kupeleka mchoro wake ukagongwe muhuri wa kisheria tarehe 31 Januari 1913. Maombi ya hataza aliyapeleka Oktoba mwaka huo, na akaipata mwaka 1914.

Kuchelewa huko kulimgharimu. De Forest alidai kwamba yeye ndiye aliyegundua jambo hilo kwanza, na kesi ikaanza. Ilipita kutoka mahakama moja hadi nyingine, mara huyu akishinda, mara yule. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa de Forest ushindi wa mwisho. Wahandisi wengi waliona kwamba majaji hawakuielewa sayansi yenyewe. Armstrong aliposimama mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Redio kurudisha nishani waliyomtunuku zamani kwa ugunduzi huo, wenzake walikataa kuipokea, wakamshangilia.

Vitani Ufaransa

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, Armstrong alipelekwa Paris kama kapteni katika kikosi cha mawasiliano. Huko, mwaka 1918, alibuni njia inayoitwa superheterodini. Jina ni refu lakini wazo lenyewe ni rahisi. Badala ya kujaribu kukuza kila masafa yalivyo, redio inayabadilisha mawimbi ya kituo chochote yawe ya masafa mamoja yaliyopangwa tangu mwanzo, kisha inayakuza hapo. Ni kama mashine ya kukoboa inayopokea mpunga wa kila shamba kupitia mdomo mmoja. Mfaransa Lucien Lévy naye alifikia wazo kama hilo, na baadaye hilo pia likaleta mgogoro wa hataza.

Faida yake ilikuwa kubwa. Redio za mwanzo zilipiga mluzi ovyo, zikawasumbua hata majirani. Redio ya superheterodini ilikuza kwa hatua, kwa utulivu, na mtu yeyote angeweza kuitumia kwa kuzungusha kitufe kimoja tu. Redio nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1930, zikiwemo za magari, zilifuata njia hiyo.

Aliporudi nyumbani aliuza hataza zake na akawa tajiri. Mwaka 1922 aliuza uvumbuzi mwingine kwa kampuni ya RCA, akalipwa fedha pamoja na hisa nyingi, hata akawa mwenye hisa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote binafsi katika kampuni hiyo. Kiongozi wa RCA aliyekuwa akipanda cheo, David Sarnoff, alikuwa rafiki yake. Mwaka 1923 Armstrong alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa Sarnoff. Zawadi yake ya harusi kwa mkewe ilikuwa redio ya superheterodini ya kubebeka, kitu ambacho wakati huo hakikuwepo popote.

Vita na radi

Bado kulikuwa na adui mmoja ambaye hakuna aliyemweza: mikwaruzo. Radi, mota za umeme na plagi za magari vyote hutoa mawimbi yanayoingia kwenye redio. Wazee wetu waliosikiliza mawimbi ya kati na mafupi wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ilivyokuwa ikimezwa na ngurumo za msimu wa mvua.

Sababu ni hii. Redio za AM hubeba sauti kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi. Radi nayo hubadilisha ukubwa wa wimbi. Redio haiwezi kutofautisha sauti ya mtangazaji na sauti ya radi, na ukiongeza geini unakuza vyote viwili pamoja.

Armstrong aliamua kubadilisha kitu kingine. Aliacha ukubwa wa wimbi ubaki ule ule, akabadilisha masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Hiyo ndiyo maana ya FM. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuipima njia hiyo na kuikataa. Mwaka 1922 John Carson wa kampuni ya simu ya AT&T alionyesha kwa hesabu kwamba haina faida. Lakini hesabu hiyo ilihusu masafa yanayocheza kidogo tu. Armstrong aliyaacha yacheze kwa upana mkubwa, na hapo mikwaruzo ikatoweka. Alipata hataza zake tarehe 26 Desemba 1933.

Mwaka 1934 alianza majaribio kutoka juu ya jengo la Empire State, New York. Sauti ilipokelewa zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo ikiwa safi, hata wakati wa radi. Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi wenzake jijini humo. Ukumbi mzima ulisikia maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikifinyangwa kutoka kituo kilichokuwa Yonkers, kana kwamba vitu hivyo viko mezani mbele yao.

Rafiki akawa adui

Sarnoff alikuwa akitaka kifaa kidogo cha kuondoa mikwaruzo kwenye AM. Armstrong alimletea redio mpya kabisa, iliyodai vituo vipya na redio mpya kwa kila nyumba. RCA ilikuwa na fedha nyingi kwenye AM, na macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Mwaka 1935 aliambiwa aondoe vyombo vyake kwenye jengo la Empire State.

Akajenga kituo chake mwenyewe kule Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Mlingoti wake wenye urefu wa zaidi ya mita 120 bado umesimama. Viwanda na vituo vingine vikamfuata na kumlipa mrabaha. Mwaka 1940 RCA ilimpa dola milioni 1 ili itumie FM bila kulipa mrabaha. Alikataa. Aliona si haki kampuni kubwa ilipe mara moja na kumaliza, huku wadogo wakiendelea kulipa.

Vita Kuu ya Pili ilipofika, aliruhusu jeshi la Marekani litumie hataza zake bure. Baada ya vita lilikuja pigo. Mwaka 1945 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50 na kuipeleka juu, eneo ambalo leo ni 88 hadi 108. Redio zote za FM zilizokwisha kununuliwa zikawa hazina kazi. Hapo ndipo tulipo sisi pia: namba unayoitafuta kupata kituo chetu iko kati ya 88 na 108 kwa sababu ya uamuzi ule.

Wakati huo RCA na wengine walikuwa wakitengeneza televisheni ambazo sauti yake ilikuwa ya FM, bila kumlipa Armstrong. Mwaka 1948 alifungua kesi. Mawakili wa kampuni waliivuta miaka na miaka. Hataza zake za msingi zilikwisha muda mwaka 1950, na fedha zake zikayeyuka kwenye ada za mawakili.

Novemba 1953 alimwomba Marion watumie fedha walizotunza kwa ajili ya uzee. Marion hakukubali. Katika hasira alimpiga mkono, na mkewe akaondoka kwenda kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954, akiwa peke yake, Armstrong alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 63. Alimwachia mkewe barua ya kumwomba radhi.

Tunalisema hili wazi kwa sababu ni sehemu ya maisha yake, si kwa sababu lilikuwa suluhisho. Mambo aliyodhani yamekwisha hayakuwa yamekwisha. Kama wewe au mtu unayemfahamu amelemewa hivyo, msimwache akae peke yake; zungumzeni naye, mfikisheni kwenye kituo cha afya.

Marion alishika kesi. Kabla mwaka 1954 haujaisha RCA ililipa zaidi kidogo ya dola milioni 1. Aliendelea na kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, na mwaka 1967 akashinda ya mwisho. Ilikuwa imethibitishwa kwamba FM ni kazi ya mumewe.

Geini kwenye gari lako

Sasa turudi kwenye amplifaya. Nyaya zinazotoka kwenye redio ya gari kwenda kwenye amplifaya mafundi huziita nyaya za RCA. Jina hilo ni la kampuni ile ile.

Kwenye amplifaya kuna kitufe kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi, kimeandikwa geini. Wengi hudhani ni cha kuongeza sauti, wakakizungusha hadi mwisho. Kazi yake si hiyo. Kazi yake ni kulinganisha nguvu inayotoka kwenye redio na kiasi ambacho amplifaya inaweza kukibeba.

Hapa kuna tofauti ambayo Armstrong aliielewa vizuri. Ndani ya redio yake ya FM, wimbi linakuzwa na kisha vilele vyake hukatwa kwa makusudi. Hakuna hasara, maana ujumbe hauko kwenye ukubwa wa wimbi. Uchafu ndio uliopo huko, na unakatwa nao. Lakini wimbi linalokwenda kwenye spika ni jambo jingine. Ujumbe wake wote uko kwenye ukubwa. Amplifaya ikizidiwa, inakata vilele, na hapo muziki wenyewe ndio unaokatwa. Sauti inakwaruza, joto linaongezeka, na spika ndogo za sauti nyembamba huwa za kwanza kuungua.

Namna ya kupanga ni hii:

1. Shusha geini hadi chini kabisa. Zima nyongeza zote za besi, na uweke besi na sauti nyembamba katikati.

2. Cheza wimbo unaoujua vizuri, uliorekodiwa vizuri. Faili lililopitia simu nyingi huenda limekwisha kuharibika, nawe utadhani kosa ni la amplifaya.

3. Pandisha sauti ya redio hadi robo tatu. Kama mwisho wake ni 40, weka 30.

4. Zungusha geini polepole mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza. Rudi nyuma kidogo mpaka iwe safi, kisha acha hapo.

5. Tangu siku hiyo ongeza na punguza sauti kwenye redio tu, wala usivuke ile robo tatu.

Mwenye mita ya umeme anaweza kupima. Chomoa spika, zima nyongeza za besi, sauti ya redio iwe kwenye robo tatu, kisha cheza mlio mmoja usiobadilika: hezi 50 au 60 kwa sabufa, hezi 1,000 kwa spika nyingine. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya omu 4 inakupa 400, na kipeuo chake cha pili ni 20. Pandisha geini mpaka mita isome volti 20 za AC, ukomee hapo.

Ukiona baada ya hapo sauti haikutoshi, tatizo si geini. Unahitaji amplifaya kubwa zaidi au spika bora. Na ukisikia mvumo unaopanda na kushuka pamoja na injini, angalia waya wa ardhi ulivyofungwa, maana geini iliyozidi hukuza na mvumo huo.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Armstrong aliligundua hilo kwenye valvu akiwa mwanafunzi wa miaka 21, na mafundi wa redio wanaufuata mpaka ule ule hadi leo. Jioni hii ukitufungulia kwenye gari, anza na sauti ya chini, upandishe taratibu.